Alama za Pumzi

Sijawahi kumpa mtu kumi. Wanafunzi wangu wa bendi walilijua hilo tangu siku ya kwanza, na wale waliojiunga kwa kudhani tarumbeta ni njia ya kukwepa kipindi cha hesabu walilijua ndani ya wiki moja. Nilikuwa na daftari kubwa la jalada jeusi, kila ukurasa nimeuchora safu nne: sauti, mapigo, pumzi, nidhamu. Mazoezi yakiisha niliwapanga mbele yangu nikasoma alama za kila mmoja, wote wakisikia. Aliyepata chini ya tano mara tatu mfululizo alirudisha chombo. Wengine walilia, nikawaacha walie. Niliamini kwamba anayependa kitu hulia kisha akarudi, na asiyerudi hakuwa wa bendi.

Na jina la kwanza katika daftari hilo lilikuwa langu. Mwalimu Pasikali, tarumbeta ya kwanza. Nilipiga pamoja nao kwa kuwa hapakuwa na mwingine wa kushika sauti ya juu, na nilijipima vilevile nilivyowapima wao. Nikikosea nilijikata alama. Nikichelewa nilijikata. Walimu wenzangu walinitania ofisini, "Leo umejipa ngapi, Pasikali?" nami nikawajibu kwamba nchi hii ingekuwa mbali sana kama kila mtu angejipa alama yake ya kweli kila jioni. Nilikuwa na maneno mengi ya namna hiyo.

Nasimulia haya kwa sababu ya Recho, msichana wa kidato cha tatu. Pumzi yake niliiandika mimi, kwa kalamu yangu, wiki kwa wiki, ikishuka kuelekea kaburini, nami nikidhani ninaandika habari za muziki.

Vyombo vyetu vilitoka Mtendeli, kambi ya wakimbizi. Kambi ilipofungwa, shirika moja lililokuwa likifundisha vijana humo lilifungasha virago, likaiachia shule yetu ya Kibondo masanduku matatu: tarumbeta sita, tromboni mbili, ngoma kubwa moja na ndogo tatu. Masanduku yalikaa mwaka mzima bila kufunguliwa. Mimi nilikulia katika bendi ya parokia kule Mahenge kabla serikali haijanipangia huku kufundisha jiografia, na siku nilipoinua kifuniko nikanusa ile harufu ya shaba na mafuta, machozi yalinilenga. Nikaenda kwa mkuu wa shule siku hiyohiyo kuomba bendi.

Alikubali kwa sharti moja. Tusiwasumbue kidato cha nne. Akatupa stoo ya vitanda, nyuma ya bweni la wavulana, chumba kirefu chenye madirisha mawili na mlango mmoja. Tuliyaziba madirisha kwa magodoro ya zamani yaliyokuwa yamelundikwa humo, tukafunga mlango, na sauti haikutoka tena. Nilikipenda sana chumba kile. Kila ulichopiga kilikurudia masikioni, kosa halikuwa na pa kujificha. Tena kilikuwa na joto. Asubuhi za huku mwezi wa sita shaba inakuuma mdomo kwa baridi, lakini sisi kumi na wawili tukishapiga nusu saa mle ndani, kuta zinatoa jasho.

Pumzi niliipima hivi: mpulizaji anashika sauti moja ndefu isiyotetemeka, nami nahesabu kwa mguu. Mimi nilikuwa nafika arobaini. Nurudini, mtoto wa mwenye duka la vitambaa pale sokoni, siku ya kwanza alifika ishirini na tano kwa tromboni na akajiona dume. Recho alikuja siku hiyohiyo, mwembamba, sweta la shule limemzidi mikono, hajawahi kushika tarumbeta maishani mwake. Nilimwonyesha namna ya kuweka midomo. Akavuta hewa kwa utulivu wa mtu anayechota maji kisimani, akapiga. Mguu wangu ulifika thelathini na nne.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Sijajifunza, mwalimu. Nyumbani napuliza moto."

Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimpa tisa ya pumzi, na ndiyo tisa ya kwanza kuandikwa katika daftari lile.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kiha ya kwao, na asubuhi alinisalimu "Mwakeye, mwalimu" kabla hajakumbuka kwamba shuleni ni shikamoo. Mama yake alikuwa akiuza maharage sokoni Kibondo, mjane, na siku moja alikuja hadi stoo, akasimama mlangoni na kikapu chake, akasikiliza wimbo mmoja mzima, akaondoka bila kusema neno. Kesho yake Recho aliniambia mama kasema hajawahi kumwona mtu akimpa mwanawe muda namna ile.

Sheria ya kikohozi niliitunga mimi. Mwaka juzi tulikwenda Kasulu kwenye mashindano ya bendi za shule, na katika wimbo wetu palikuwa na kituo cha mapigo manne kabla ya mwisho, uwanja mzima kimya. Mpiga ngoma wangu akakohoa. Watu wakacheka, wapulizaji wakaingia ovyo, tukawa wa nne. Jumatatu nikatangaza: anayekohoa katikati ya wimbo anakatwa alama mbili za nidhamu. Walijifunza upesi. Ungemwona mtoto shingo imemtuna, macho yamejaa maji, anapiga hadi noti ya mwisho ndipo anakimbilia nje. Nililiita jambo lile ukomavu.

Mwezi wa pili mwaka jana nikaanza kukohoa mimi. Nikajikata mbili, kwa haki kabisa, mbele yao. Chaki, nilisema. Vumbi la barabara. Wiki ya tatu nikajikata tena. Nilinunua dawa ya maji kwa Salumu wa duka la dawa, na nilipoifuata chupa ya tatu alinishikilia mkono juu ya meza yake.

"Mwalimu, hii siyo ya kunywa tena. Nenda hospitali wakuangalie, bwana. Ni hapo tu."

"Wewe uza dawa," nikamwambia. "Mganga sijakuuliza."

Alinipa chupa, akanitazama hadi nikatoka. Sikurudi kwake tena.

Mwezi wa nne niliona damu kwenye leso. Hapa ndipo mtu mwingine yeyote angeshtuka. Lakini mimi ni mpiga tarumbeta, na mdomo wa mpiga tarumbeta hupasuka. Kule Mahenge tulionyeshana midomo iliyochanika kama askari wanavyoonyeshana makovu, aliyetoka damu ndiye aliyefanya mazoezi. Nikaikunja leso nikaitia mfukoni, na jioni nikaandika katika daftari: Pasikali, mdomo umepasuka, punguza kubana. Mstari huo upo hadi leo. Nilichokiandika ni ujinga wa mtu mwenye uzoefu, ambao ni mbaya kuliko ujinga wenyewe, maana hakuna anayeweza kukukosoa.

Pumzi yangu ilishuka. Arobaini ikawa thelathini na tatu, ikawa ishirini na nane. Mwezi wa tano mguu uliishia ishirini na moja na mbele ya macho yangu pakawa na weusi. Nilijipa nne. Wiki iliyofuata nikajipa nne tena, na iliyofuata tatu. Sheria ni sheria; kwa kuwa mwalimu hawezi kurudisha chombo, nilijishusha hadi tarumbeta ya tatu. Niliwakusanya, nikawasomea alama zangu tatu za chini ya tano, nikasema kwamba kipande cha peke yake katika wimbo wetu wa Kasulu, kipande nilichokuwa nimekitunga kwa ajili ya tarumbeta yangu, sasa ni cha Recho. Nurudini akaanza kupiga makofi, wote wakafuata. Nilijiona muungwana kweli. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa nimejisifu moyoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi.

Kipande kile kilikuwa kigumu kwake. Pumzi moja, hesabu ishirini na nne, sauti ikipanda bila kukatika, kisha kile kituo cha mapigo manne, kisha bendi nzima. Ilibidi afundishwe peke yake. Basi kuanzia mwezi wa tano, kila siku ya shule baada ya vipindi, na likizo yote ya mwezi wa sita, tulikaa stooni mimi na yeye, saa nzima, viti viwili vikitazamana, magoti karibu kugusana. Mlango niliufunga ili wenzake wasije kumchungulia. "Angalia mdomo wangu," nilimwambia. "Usiangalie vidole, angalia mdomo." Nikampulizia mfano, nikakohoa, nikampulizia tena. Akaangalia. Hakuwahi kugeuza uso.

Mwezi wa saba shule ilipofunguliwa nilipima wote upya. Recho alifika ishirini na saba. Nikadhani amechoka. Wiki iliyofuata ishirini na tatu. Nikamwambia mbele ya wenzake kwamba sifa zimemlevya, kwamba watu wengi wenye kipaji huishia hivyo, nikampa sita. Akasema, "Nimekosa, mwalimu." Mkono wa sweta ulikuwa umemzidi zaidi, nikaona, na sikufikiri lolote juu ya sweta. Nikaongeza mazoezi. Badala ya saa moja zikawa saa moja na nusu.

Lakini nidhamu yake haikuwa na dosari. Wengine walikohoa siku hizo zaidi ya zamani, Nurudini hasa, na nikawa nakata alama kila siku hadi nikachoka. Recho hakukohoa hata mara moja. Safu yake ya nidhamu katika miezi ile ni tisa, tisa, tisa, hadi chini ya ukurasa.

Jumatano moja ya mwezi wa nane, siku tatu kabla ya Kasulu, watu wa afya walikuja shuleni kuuliza habari za kifua kikuu. Walipita madarasani, halafu nesi mmoja akaletwa kwetu. Aliitwa Mwajabu, mama wa makamo mwenye ushungi mweupe na sauti ya mtu asiyependa kurudia neno. Hakuanza na salamu. Alitazama magodoro.

"Nani kaziba madirisha haya?"

"Mimi, sista. Sauti inawasumbua wenye mitihani."

"Na mnakaa humu muda gani?"

"Saa mbili hivi."

Akatikisa kichwa, akawageukia wanafunzi. Akauliza nani anakohoa kwa wiki mbili au zaidi. Nani anatoka jasho usiku hadi shuka linalowa. Nani amepungua mwili bila sababu. Akasema hakuna wa kuona haya, ni kutoa makohozi tu kwenye kikopo, majibu yanakuja, dawa ni bure.

Hakuna mkono ulioinuka. Nurudini alinitazama. Msichana wa ngoma ndogo, Nasma, alinitazama. Recho alinitazama pia, na mimi siku hiyo mkanda wangu wa suruali ulikuwa kwenye tundu la tatu nililolitoboa kwa msumari. Nilielewa swali lilikuwa la nani. Siwezi kusema sikuelewa. Lakini nilijua pia kwamba atakayeinua mkono atatolewa mle ndani, na mwalimu akiinua, safari ya Kasulu imekufa hapohapo. Nikasema kwa uchangamfu:

"Hawa ni wapuliza tarumbeta, sista. Wana vifua kuliko mimi na wewe."

Walicheka wote. Recho naye alicheka, kisha kicheko kikamshika kooni, nikaona anabana midomo, shingo inamtuna, machozi yanamtoka, anameza. Mwajabu alikuwa ameinama anaandika, hakuona. Mimi niliona. Alipoondoka nesi, nilifungua daftari nikampa Recho tisa ya nidhamu.

Jumamosi tuliondoka alfajiri kwa Koasta ya kukodi. Recho alikaa dirishani, amejifunga kitenge cha mama yake, hakula mkate niliogawa. Nilimuuliza kama anaogopa. Akasema haogopi, anatunza pumzi.

Bendi zilikuwa saba. Uwanja wa Kasulu ulijaa, wafanyabiashara walifunga maduka wakaja na watoto wao. Zamu yetu ilikuwa ya tano. Nilisimama safu ya nyuma na tarumbeta ya tatu, ambayo haina kazi kubwa, na Recho akatoka mbele peke yake hatua tatu.

Alipiga. Nimeisikiliza rekodi yake kwenye simu ya Nasma, aliyompa mtazamaji aishike, mara nyingi mno, na nina masikio ya kazi hiyo, kwa hiyo naweza kusema kwa uhakika: hakukuwa na kosa. Sauti ilipanda bila kutetemeka, hesabu kumi, kumi na tano, ishirini. Mguu wangu ulikuwa unahesabu wenyewe. Ishirini na nne, akakata safi. Kikaja kituo. Pigo moja, mbili, tatu, nne, uwanja wote kimya, na yeye amesimama wima, mdomo ameufunga, mabega yanamtikisika kidogo sana. Bendi ikaingia kwa kishindo, watu wakapiga mayowe. Wakati wa mayowe hayo ndipo alipoinama. Nilifikiri anawainamia watu kwa shukrani.

Damu ilitoka kwenye mdomo wa tarumbeta, ikapita kwenye shingo ya shaba, ikamwagika kwenye shati jeupe la sare. Na Mungu anihukumu kwa hili, wazo langu la kwanza lilikuwa: mdomo umempasuka. Niliacha safu nikamkimbilia nikimwambia asibane, asibane. Alijaribu kusema kitu, damu ikaja nyingi, akaniangukia kifuani.

Walimtibu Kasulu siku mbili, kisha wakamleta hospitali ya Kibondo awe karibu na mama yake. Matokeo ya mashindano yalitufikia kwa simu. Tulikuwa wa kwanza. Karatasi za majaji zililetwa baadaye, na kwenye safu ya pumzi jaji mmoja alikuwa amempa Recho kumi.

Mwajabu alinikuta kwenye benchi nje ya wodi. Hakunikemea. Alinipa kikopo.

"Toa makohozi, mwalimu. Na hapa usiniambie habari za vifua."

Majibu yalitoka kama alivyojua. Akaniketisha kwenye chumba chake kidogo chenye madirisha yaliyofunguliwa wazi, akanipa barakoa na dawa za kuanzia, kisha akachukua kalamu. Ulianza kukohoa lini? Nikasema sikumbuki vizuri, mwezi wa tatu, labda wa nne. Akauliza wanafunzi walianza lini, nani kabla ya nani, nani alikaa karibu na nani. Nilianza kubabaika. Halafu nikakumbuka kwamba sina haja ya kukumbuka.

Nilimletea daftari. Alilifungua ukurasa wa mwezi wa pili akaanza kusoma, kidole kikishuka polepole. Nidhamu ya Pasikali: nane, nane, sita. Pumzi ya Pasikali: inashuka. Mdomo umepasuka, punguza kubana. Hapo kidole kilisimama muda mrefu. Kikaendelea. Mazoezi ya peke yake na Recho, saa moja, yameandikwa kila siku na tarehe yake. Pumzi ya Recho: tisa, tisa, nane, sita. Nidhamu ya Nurudini inaporomoka. Pumzi ya Nurudini inafuata. Alinakili tarehe zote kwenye fomu zake, bila kuuliza swali lolote, kwa maana hapakuwa na la kuuliza.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," alisema alipofunga. "Sijaona mtu aliyeandika ugonjwa vizuri namna hii." Hakuwa anatania.

Kwa tarehe zile aliwapima wote. Nurudini alikuwa nao, na msichana mmoja wa ngoma. Wamewahiwa, wanameza dawa, wanaendelea vizuri. Magodoro yalitolewa madirishani na mkuu wa shule mwenyewe.

Recho hakuwahiwa. Mapafu yalikuwa yameharibika zaidi ya alivyoonyesha, daktari alisema, na hakuelewa mtoto wa hali ile alisimamaje uwanjani. Nilimwona mara mbili tu kwa mbali, kupitia kioo cha mlango, maana sikuruhusiwa kuingia. Mara ya pili aliniona. Alijaribu kukaa kitako, kama wanavyofanya nikiingia darasani, na mama yake akamrudisha chini kwa kiganja. Nilikimbia kwenye korido ile. Nilikuwa na umri wa miaka arobaini na mbili na nilikimbia hadi getini.

Alifariki siku ya ishirini na moja tangu Kasulu, asubuhi. Dawa zangu mimi zilikuwa zimeanza kufanya kazi. Nilikuwa nimeongezeka kilo mbili.

Walimzika kijijini kwao, mwendo wa saa moja kutoka Kibondo mjini. Bendi ilipiga, bila mimi. Mimi, Nurudini na yule msichana wa ngoma tulisimama pembeni, kila mmoja na barakoa yake. Kabla ya udongo, mama yake aliomba kusema, na wanaume wakanyamaza. Alisema kwa Kiswahili ili walimu tuelewe. Alishukuru hospitali, alishukuru shule. Halafu akanitafuta kwa macho.

"Nashukuru mwalimu Pasikali," alisema. "Mwana wanje, Recho wangu, hakuwa na baba. Huyu mwalimu alimpa saa yake kila siku, yeye na yeye, mlango kafunga asisumbuliwe. Hakuna mtu amewahi kumfanyia hivyo."

Watu waliitikia. Mzee mmoja aliyesimama karibu yangu alinishika mkono. Nilitaka ardhi ile iliyochimbwa iwe yangu.

Nilikaa siku nne. Siku ya tano nilikodi bodaboda nikarudi kijijini kwao. Nilimkuta mama Recho uani, amekaa kwenye mkeka na ungo wa maharage, anachambua. Alinikaribisha, akaniletea kigoda, nikakiweka mbali naye, upande upepo ulikoelekea. Nilikuwa nimejipangia maneno njia nzima. Yote yalipotea.

"Mama Recho, ule ugonjwa. Hospitali walikueleza unavyoambukiza?"

"Wamenieleza."

"Walikueleza ulitoka kwa nani?"

Aliendelea kuchambua. Nikasema kwa haraka, kabla sijaogopa: ulitoka kwangu. Nikamweleza yote, Salumu na chupa zake, leso, siku ya nesi na utani wangu, kwamba niliona Recho anameza kikohozi nikampa tisa. Nikasema mimi ndiye niliyemuua mtoto wako nikijua nusu na nusu sitaki kujua. Nililia, silifichi hilo.

Mikono yake ilikuwa imesimama ndani ya ungo.

"Najua, mwalimu."

Nilidhani hajanielewa. Akaanza kusema polepole, akitazama maharage.

"Recho kaniambia mwezi wa tano. Kasema, mama, mwalimu anakohoa vibaya, ana damu kwenye leso, anaificha. Kasema, nimwambie matroni? Nikamwambia unyamaze kabisa. Nikamwambia, ukimsema watamwondoa, au yeye atakutoa, na nani mwingine atakupa muda wake hivyo? Nilitaka nikutumie asali ya kifua. Nikaona hapana, utajua mtoto kakusema." Alivuta hewa. "Halafu akaanza yeye. Hapa nyumbani anakohoa mpaka anashika ukuta. Nikamwambia, ukiwa mbele ya mwalimu jikaze. Kasulu ikipita tutakwenda hospitali. Nilimwambia hivyo mimi, mama yake. Kasulu ikipita."

Kuku walipita kati yetu.

"Wewe umekuja kusema la kwako," alisema. "Umelisema, umenikuta mtu wa kuambiwa. Mimi la kwangu alikuwepo mmoja wa kumwambia, na nimemzika."

Nilikuwa mtu wa kumpa kila mtu alama yake mbele za watu, na kwa mwanamke yule sikupata hata neno moja la kumpunguzia mzigo, wala la kuuongeza kwenye wangu ambapo ndipo palikuwa mahali pake. Alikung'uta ungo. Akatazama njia, kulikokuwa kunasikika sauti za watu wanaokaribia.

"Futa uso, mwalimu," akasema. "Hao ni ndugu wa baba yake, wametoka Munanila, hawakuwahi maziko. Wakikukuta hivyo watauliza, nami sitaweza kulisema hili mara ya pili."

Nikafuta. Nikasimama, nikaenda kuwapokea mizigo.